Nani Mnunuzi? Uanaume na Tamaa ya Vitu katika Sinema ya "Nairobi Half Life"

Katika vibanda vya video vya Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, vijana wengi wamekaa juu ya mabenchi wakitazama wanaume wa kigeni wakipigana, wakifyatua bunduki na kuendesha magari ya fahari. Wengine hawakujua Kiingereza. Wafasiri kama Lufufu waliwasimulia kwa Kiswahili chenye mzaha, hata shujaa wa Marekani akawa kama mtoto wa mtaani. Funzo lilieleweka vizuri: mwanamume ni mwenye nguvu, na mwenye nguvu ni mwenye vitu. Katika insha hii tunakusudia kuihakiki sinema moja ya Afrika Mashariki iliyolichukua funzo hilo na kulikejeli. Sinema yenyewe ni "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga wa Kenya.

Mhusika mkuu ni Mwas, kijana wa kijijini aliyeigizwa na Joseph Wairimu. Kwa kazi hiyo Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2012. Mwas ni mchuuzi wa sinema za kigeni za mapigano, na ili apate wanunuzi huziigiza hadharani. Mkurugenzi ameanza kazi yake mahali panapofaa. Kabla kijana huyu hajaiba kitu chochote, tayari anauza uanaume ambao si wake, uliotengenezwa mbali na kufungwa katika kisanduku cha plastiki.

Hata ndoto yake inauzwa. Kikundi cha waigizaji kinapopita kijijini, mmoja wao anaahidi kumsaidia aingie katika uigizaji kwa shilingi elfu moja. Mwas ana mia tano tu. Anazitoa, na anaambiwa alete mia tano nyingine Nairobi. Tunacheka, lakini kicheko chetu kina uchungu, kwa kuwa tunajua kuwa kijana ameuziwa tumaini kwa malipo ya awali. Akiwa njiani anakabidhiwa na binamu yake vifaa vya redio na fedha avipeleke mjini. Siku ile ile ya kufika ananyang'anywa vyote, kisha anakamatwa na polisi na kulazimishwa kusafisha choo cha mahabusu. Humo ndimo anamokutana na Oti, kiongozi wa genge, anayempa alichonyimwa na jiji zima, yaani mahali pa kulala na watu wa kumwita mwenzao.

Kazi ya genge hilo ni kuiba vipuri vya magari. Hapa ndipo tashtiti ya sinema inapokuwa kali zaidi. Wezi wanafungua vifaa kwa kasi na ustadi wa mafundi, lakini malipo wanayopata dukani ni madogo. Baadaye wanapanda kutoka vipuri hadi magari mazima, kama mfanyakazi apandavyo cheo. Mkurugenzi anatuonyesha biashara yenye wakubwa na wadogo, mtaji na faida. Na polisi wanaopaswa kuizuia nao wanadai fungu lao. Wizi huu ni kivuli cha soko lenyewe.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana. Anawajua wenye magari wanaochora namba za usajili juu ya vioo vya pembeni na taa ili visiibwe. Anajua pia kwamba aliyeibiwa kioo hushauriwa akakitafute mitaa ya vipuri, na huenda akauziwa kile kile kilichokuwa chake. Tunamlaani mwizi asubuhi, na jioni tunatafuta kipuri cha bei nafuu bila kuuliza kimetoka wapi. Kwa maoni yetu, hili ndilo swali kuu la sinema hii: kama mwizi ni mhalifu, mnunuzi ni nani?

Yafaa tuilinganishe na sinema ya Marekani yenye dhamira ya jirani, "Fight Club" ya David Fincher, iliyotoka mwaka 1999 kutokana na riwaya ya Chuck Palahniuk ya mwaka 1996. Mhusika wake ni karani anayejaza nyumba kwa samani za kuagiza katika katalogi, hata anajiona si mtu tena. Anatafuta uanaume wake kwa ngumi, na chama cha ngumi kinageuka jeshi la watu wasio na majina. Yule ameshiba vitu na Mwas ana njaa ya vitu, lakini ugonjwa wao ni mmoja, kwani wote wawili wamefundishwa kupima uanaume kwa kitu kilicho nje ya mtu. Tena sinema hiyo ina onyo kwa walimu. Wako watazamaji waliosahau kejeli yake wakawatukuza wapiganaji, hata wakaanzisha vyama vya kupigana vya kwao. Asiyefundishwa kuitambua tashtiti huichukua kuwa amri.

Tukirudi nyumbani, tunaikumbuka "Fimbo ya Mnyonge", sinema ya Kampuni ya Filamu Tanzania ya miaka ya 1970. Humo pia mnyonge anakwenda mjini kutafuta maisha na kuambulia taabu. Lakini mwishowe anaipata njia katika kijiji cha ujamaa. Gitonga hampi Mwas njia hiyo. Kijiji chake hakina kazi wala jukwaa. Wako watakaosema kwamba sinema isiyoonyesha njia ni sinema ya kukata tamaa. Sisi hatukubaliani nao. Njia ipo, ila haiko katika mahali. Iko katika kazi anayoipenda Mwas. Wakati anapoiba na genge, anafanya pia mazoezi ya mchezo na kikundi cha Phoenix Players. Genge linampa uanaume wa kuogopwa, na jukwaa linamtaka awe mtu wa kusikilizwa. Maisha yake ni nusu huku na nusu kule, kama jina la sinema linavyodokeza.

Kwa upande wa fani, lugha imetumika kwa ustadi. Kiswahili, Sheng na Kikuyu vinapokezana, na sikio la mtazamaji linatambua mara moja nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Mwisho nao una nguvu. Polisi wanawaua vijana wa genge. Mwas ananusurika, anakimbilia jukwaani na kusimama mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio. Macho yake yanatuelekea sisi. Wakati huo mtazamaji anatambua kwamba naye amenunua tiketi ili apate burudani kutokana na taabu za kijana huyu.

Kasoro haikosekani. Amina, mwanamke anayeuza mwili wake, tunamjua zaidi kwa jinsi wanaume wanavyomtamani kuliko kwa mawazo yake mwenyewe. Sinema inayohoji biashara ya vitu ilipaswa kuhoji kwa bidii zaidi biashara ya mtu. Mwalimu asiifiche kasoro hii, bali awaulize wanafunzi wangeiandikaje hadithi hii kama Amina angekuwa msimulizi.

Neno kipawa katika lugha yetu ni kipaji, na Mwas anacho tangu mwanzo, pale anapoigiza mashujaa wa watu ili auze. Vijana wa namna yake wapo katika kila kata ya jiji letu, nao wanaigiza vizuri walichokitazama vibandani. Kazi ya shule ni kuwapa jukwaa na maneno ya kwao kabla genge halijawapa kazi. Na sisi watu wazima, tutakapokwenda tena kutafuta kioo cha gari cha bei nafuu, tukiangalie vizuri kabla ya kulipa, kwani sura itakayoonekana ndani yake ni yetu.