Kutengeneza Bila Kufunua

Hitilafu za seva ya kuhamishia mafaili ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya mashine kuzimika kabisa: hakuna jibu, hakuna taa, na kila mtu anajua pa kuanzia. Ya pili ndiyo inayompambanua fundi na mtu anayejua kubofya tu. Mtumiaji anaandika jina lake, seva inalipokea. Anaandika nywila, seva inaikubali na kumkaribisha. Anaomba orodha ya mafaili, na hapo kila kitu kinasimama. Kosa halitajwi wala orodha haiji, mpaka muda unakwisha. Mhasibu aliyetaka kupeleka benki faili la mishahara anapiga simu kwa hasira: seva imekufa! Haijafa. Imezungumza vizuri kwa sekunde mbili, kisha ikanyamaza, na mzoefu wa kazi hii anafurahi kimoyomoyo, kwa kuwa kimya kilichokuja baada ya maneno kimeshamwonyesha mahali pa kutafuta.

Mzoefu huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na tabibu yeyote atakubali: mgonjwa asiyesema panapomuuma hatibiki. Msimamizi wa seva ya Linux inayosimba mawasiliano yake hana bahati hiyo. Mgonjwa wake ameumbwa ili afiche, na siku akianza kuonyesha yaliyo ndani, hapo ndipo atakuwa mgonjwa kweli. Fundi anatakiwa aurudishe uzima wa mazungumzo asiyoruhusiwa kuyasikia, na ayarudishe yakiwa bado siri. Sijui ufundi mwingine mwingi wenye sharti gumu kama hilo.

Ili kuelewa ugumu wenyewe, lazima turudi nyuma. FTP, itifaki ya kuhamisha mafaili, ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Abhay Bhushan, akiwa MIT nchini Marekani, wakati kompyuta zilizounganishwa kwenye mtandao wa ARPANET zilihesabika na waliozitumia walifahamiana. Sura yake tunayoitumia hadi leo iliandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds, Oktoba 1985. Nywila zilisafiri waziwazi, na aliyekaa katikati ya njia alizisoma bila jasho. Oktoba 2005 ndipo ulipotoka waraka wa kiufundi ulioandikwa na Paul Ford-Hutchinson, kueleza namna ya kuilinda FTP kwa TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano. Usalama, basi, ulipachikwa juu ya kitu kilichoishi zaidi ya miaka 30 bila usalama, na hitilafu nyingi zinazaliwa pale kipya kilipounganishwa na cha zamani.

Kiungo chenyewe ni hiki. FTP hutumia miunganisho miwili. Wa kwanza, kwenye poti 21, ni wa maagizo: jina, nywila, nipe orodha, pokea faili. Wa pili hufunguliwa upya kila panapokuwa na kitu cha kubeba, na hufungwa kikishabebwa. Katika hali ya pasivu, seva humtajia mteja mahali pa kuijia kwa namba sita zilizotenganishwa kwa mkato. Nne za kwanza ni anwani. Poti hupatikana kwa kuzidisha ya tano kwa 256 na kujumlisha ya sita. Jibu likiishia na 195 na 80, poti ni 50000. Wapo mafundi wanaoipiga hesabu hiyo kichwani logi ikiwa bado inateremka kwenye skrini, wala si mbwembwe. Namba mbili za mwisho zinawaambia kama poti iliyotajwa ni miongoni mwa zilizofunguliwa. Nne za kwanza zikianza na 192 na 168, zinawaambia kwamba seva inamwelekeza mtu wa nje kwenye anwani ya ndani ya ofisi, asikoweza kufika abadani.

Kwa miaka mingi faiwoli ya Linux ilificha ugumu huu. Kerneli ina moduli iitwayo nf_conntrack_ftp, ambayo kazi yake ni kusikiliza mazungumzo ya poti 21, kuziona zile namba sita zikipita, kisha kuruhusu muunganisho wa poti iliyotajwa. Msimamizi hakuhitaji hata kujua kwamba ipo. TLS inapowashwa, mazungumzo hayo hayasomeki tena na yeyote aliye katikati, moduli hiyo ikiwemo. Poti hairuhusiwi. Ndiyo maana jina linapokelewa, nywila inapokelewa, halafu orodha haiji.

Hapa kazi hii inanipendeza kuliko popote. Hitilafu imetokea kwa sababu usalama umetimiza wajibu wake barabara. Msaidizi mwema aliyekuwa akifungua milango alikuwa pia msikilizaji wa mazungumzo yasiyomhusu, na usimbaji haumbagui msikilizaji mwema na mbaya. Ipo njia ya mkato: agizo liitwalo CCC, ambalo huurudisha muunganisho wa maagizo kwenye uwazi baada ya nywila kupita, ili faiwoli isikie tena. Fundi ninayemsifu haanzii huko. Huchagua poti chache, tuseme kuanzia 50000 hadi 50100, akaziandika katika mipangilio ya seva. Huzifungua hizo tu kwenye faiwoli. Kisha huitajia seva anwani yake ya nje ili iitangaze hiyo. Kwenye vsftpd, programu ya seva ya FTP, ni mistari mitatu: pasv_min_port, pasv_max_port na pasv_address. Jambo lililokuwa likifanyika kwa kudukiza sasa linafanyika kwa makubaliano yaliyoandikwa, ambayo atakayekuja baadaye ataweza kuyasoma.

Lakini amejuaje kwamba tatizo ni poti, wala si nywila, cheti au waya? Amejua kwa kutazama nje ya siri. Usimbaji huficha maneno. Hauwezi kuficha kwamba mtu amebisha hodi, wala kwamba amejibiwa au hakujibiwa. Kwa tcpdump, chombo kilichozaliwa mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley, fundi huona pakiti zikipita bila kusoma zilichobeba. Ombi la muunganisho likitoka na kukataliwa papo hapo, mara nyingi maana yake mashine imefikiwa ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Likitoka, likarudiwa baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4, bila jibu lolote, maana yake kuna mahali njiani linatupwa kimyakimya, na tabia hiyo mara nyingi ni ya faiwoli. Kukataliwa na kunyamaziwa ni habari mbili tofauti. Mtumiaji huziita zote mbili “haifanyi kazi”; fundi huanzia palepale zinapotofautiana, akasikiliza upande wa mteja na upande wa seva kwa wakati mmoja, na kuibana hitilafu mpaka ibaki na mahali pamoja pa kujificha.

Baada ya mlango kuna vyeti, na vyeti vina vituko vyao. Amri ya openssl s_client, ikiongezewa -starttls ftp, huzungumza na poti 21 kama mteja wa kawaida, kisha huweka mezani cheti kilichotolewa, waliokisaini, toleo la TLS lililokubaliwa na namba ya uhakiki. Sifuri ni salama. Namba 10 ni cheti kilichopitwa na wakati, 18 ni cheti kilichojisaini chenyewe, 21 mara nyingi ni mnyororo uliokatika: seva imetoa cheti chake lakini haikutoa cha kati kinachokiunganisha na mzizi. Hitilafu hii ya mwisho ina hila. Kivinjari cha mtu huenda kilishakutana na cheti hicho cha kati kwingine, kikajaza pengo chenyewe, na mtu akaapa kwamba cheti ni kizima. Skripti inayotuma mafaili saa nane za usiku haina kumbukumbu hiyo, na inagoma. Wote wawili wanasema kweli.

Namba 9 ndiyo hunichekesha: cheti ambacho siku yake haijafika. Cheti kinatumika tangu mwezi jana, sasa inawezekanaje? Mara nyingi betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa, umeme umekatika na kurudi, na mashine imeamka ikiamini ni mwaka wa zamani. Atakayeanza kwa kuagiza cheti kipya atapoteza siku. Atakayeanza kwa kuandika date na kusoma jibu atamaliza kabla chai haijapoa. Mambo ya muda yaliwafundisha wengi adabu tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kilipoisha muda wake. Seva zilizotumia vyeti vya mtoaji aitwaye Let's Encrypt, vilivyohakikiwa kupitia mzizi huo, zilikuwa nzima, na njia nyingine halali ya kuvihakiki ilikuwepo, lakini mashine zenye maktaba za zamani, OpenSSL 1.0.2 ikiwemo, ziliifuata njia iliyokufa na kukataa. Aliyekagua seva peke yake hakupata kosa, kwa sababu kosa lilikuwa kwa mwenye kuhakiki.

Mpaka hapa nimesifu akili ya fundi. Kilichonifanya niandike ni kitu kingine: uadilifu wake. Karibu kila hitilafu ya muunganisho uliosimbwa inaweza kuondolewa mara moja kwa kupunguza usalama. Cheti kinalalamikiwa? Mwambie mteja asikihakiki. Toleo la TLS halikubaliani? Ruhusu la zamani. Mafaili yatapita, simu zitakoma, na bosi atasifu. Mfano mzuri ni kosa namba 522. Seva ya vsftpd, isipoagizwa vingine, hudai muunganisho wa data uendeleze kikao kilekile cha TLS kilichofunguliwa kwenye poti 21, na mteja asiyefanya hivyo hukatwa kwa namba hiyo. Ukitafuta dawa, ya kwanza utakayoambiwa ni kuandika require_ssl_reuse=NO. Inafanya kazi. Lakini sharti lile liliwekwa kwa sababu: poti ya data ikishakuwa wazi, anaweza kuwahi mtu mwingine, na kikao kilekile ndicho uthibitisho kwamba anayebisha hapa ndiye aliyetoa nywila pale. Fundi huuliza kwanza kizuizi kinazuia nini. Huenda akatafuta programu nyingine ya mteja inayokidhi sharti. Huenda pia akaliondoa, maana mshirika ana mfumo mkongwe na mishahara haisubiri. Lakini huliondoa akijua anaacha nini, na juu ya mstari huo huandika tarehe, sababu, na nani amelazimisha.

Anayedhani nimetia chumvi akumbuke yaliyoikuta Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux. Mwaka 2006 iliondolewa mistari ya msimbo katika OpenSSL ya Debian, maktaba ya usimbaji, kwa kuwa ilikuwa ikivifanya vyombo vya ukaguzi vitoe maonyo. Maonyo yakakoma. Mei 2008 ikatangazwa kwamba Luciano Bello amegundua funguo zinazotengenezwa humo zinabashirika: pamoja na mistari ile ilikuwa imetoweka karibu nasibu yote inayofanya ufunguo usikisiwe, ikabaki namba ya mchakato, yenye thamani zisizozidi 32,768. Kwa takriban miaka miwili seva zilizotumia toleo hilo zilisimba mawasiliano kwa funguo ambazo mtu mwenye subira angeweza kuziorodhesha. Hakuna aliyeona hitilafu, kwani kila kitu kilifanya kazi. Kulinyamazisha lalamiko na kuliondoa tatizo ni kazi mbili zinazofanana sana kwa macho ya anayesubiri.

Atatokea wa kuuliza: kwa nini tuhangaike na itifaki ya mwaka 1971? Si tuhamie SFTP, inayopita ndani ya SSH kwa poti moja tu, 22? Hoja ina nguvu, na SSH yenyewe ilizaliwa mwaka 1995 baada ya nywila kudukuliwa katika chuo kikuu alichokuwapo mwundaji wake, Tatu Ylönen, nchini Finland. Mahali pa kuanza upya, mimi pia ningeshauri hivyo. Ila mafaili hutumwa kwa mtu, na mtu huyo ana mfumo wake, mkataba wake na mashine yake isiyobadilishwa kwa maneno. Halafu SFTP nayo haikosi fumbo. Mfungie mtumiaji ndani ya saraka yake huku saraka hiyo akiimiliki mwenyewe, badala ya root, na seva itamtoa sekunde ileile alipoingia. OpenSSH 8.8 ilipotoka Septemba 2021 iliacha kukubali saini za RSA zinazotegemea SHA-1, na programu za zamani zilizokuwa zikiingia jana zikakataliwa leo. Itifaki hubadilika, stadi ya kukiuliza kitu kilichofungwa bila kukivunja inabaki ileile.

Ustadi huu haulipwi makofi. Kazi ikiisha, mhasibu anaona 226, namba ya kuthibitisha kwamba faili limefika, na anaendelea na shughuli zake. Fundi hajui mishahara ni shilingi ngapi wala ya nani, na hapaswi kujua. Kutojua kwake ni sehemu ya ubora wa kazi. Basi ukimwajiri mtu wa kazi hii, usimpime kwa dakika alizotumia mpaka mafaili yakapita. Mwambie akufungulie faili la mipangilio, akuonyeshe kila ulinzi aliouacha umewashwa, na kwa kila aliouzima, akueleze sababu bila kutafuta maneno. Akiweza, mlipe vizuri na usimwache aondoke.