Fromaji ya Goma? Goma Ipi!

Nimemwona! Miaka arobaini nakula fromaji, jibini yetu, na jana ndiyo mara yangu ya kwanza kukutana uso kwa uso na ng'ombe wake. Mweusi kwa mweupe, pua imelowa umande, amesimama tuli kwenye mteremko ambao mimi niliupanda kwa mikono na magoti. Alinitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni aliyekosea mlango. Nilitamani kumpa mkono.

Ni Julai 2019, kiangazi, vumbi la Masisi bado limo masikioni mwangu. Mezani kuna fromaji nzima, ya duara, upana wa sahani, rangi ya mkate uliotoka kwenye tanuri sasa hivi. Nimekataza mtu yeyote humu ndani kuigusa mpaka nimalize kuandika. Naandika haraka. Watoto wana njaa.

Njia yenyewe ni hii. Unatoka Goma kuelekea magharibi, unapita Mugunga juu ya mawe meusi ya volkeno, unafika Sake, mwendo wa kilomita kama 25. Nilisimamishwa ninawe kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso, maana Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 2018, na tarehe 14 Julai 2019 ilikuwa imebisha hodi Goma kwenyewe. Nilinawa, nikapimwa, nikanawa tena. Baada ya Sake lami inakwisha na mlima unaanza, na hapo, jamani, hapo ndipo shingo yangu ilipoanza kuuma kwa kugeuka huku na huku. Motari wangu, dereva wa pikipiki, alitia gia ya kwanza na hakuitoa. Kila kona ziwa Kivu linashuka chini zaidi, linakuwa bluu zaidi, mwishowe likawa kama kitenge kilichoanikwa. Chukudu, baiskeli zetu za mbao, zinashuka upande wetu zimebeba viazi magunia kwa magunia, dereva amekanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, ndiyo breki yake hiyo, na bado anapata nafasi ya kutusalimia!

Halafu Mushaki, huko Masisi. Sikutegemea kijani kile. Nilidhani najua kijani, kumbe nilikuwa najua majani ya sombe tu. Vilima vimepangana kama migongo ya ng'ombe waliolala, nyasi fupi kama zimekatwa na kinyozi, mistari ya mikaratusi, nyaya za seng'enge, ukungu unaoingia na kutoka bila ruhusa. Ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na saa nne asubuhi nilikuwa nimevaa sweta mbili. Wageni hupenda kupaita Uswisi ya Afrika. Mimi Uswisi sijafika, ila sioni kwa nini mlima wenye jina lake uvalishwe jina la kuazima.

Kiwanda cha fromaji, kama neno kiwanda linafaa, ni chumba cha mbao chenye jiko la kuni, sufuria moja kubwa kuliko mtoto wangu wa pili, na rafu mpaka darini. Mzee mwenye kazi alinivua viatu mlangoni. Wachungaji walikuwa wameshaleta maziwa ya asubuhi, bido kwa bido, wengine kwa miguu kutoka vilima vitatu mbali. Anayachuja kwa kitambaa, anayapasha moto kidogo tu, kiasi cha kidole kuvumilia, kisha anatia dawa ya kugandisha, ile ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Baada ya hapo hafanyi kitu. Anakaa. Niliuliza kama naweza kusaidia kukoroga.

"Papa, fromaji haipendi haraka," akasema. "Ikala kwanza."

Nikakaa. Maziwa yakawa kitu kimoja, yakatetemeka kama shavu la mtoto mchanga. Akayakata kwa kisu kirefu, vipande vidogo vidogo, na maji ya manjano yakajitenga. Hayo ni ya nguruwe, na nguruwe walishajua, walikuwa wanapiga kelele nyuma ya ukuta. Vipande akavishindilia kwenye kalibu, juu yake akaweka jiwe. Jiwe la kawaida la mlimani! Kesho yake fromaji inaogeshwa maji ya chumvi, kisha inapanda rafuni, na kila siku kuna mtu wa kuigeuza ili isilale upande mmoja. Lita kumi za maziwa, kilo moja ya fromaji. Nilipiga hesabu ya yote niliyokula maishani nikaona haya mbele ya yule ng'ombe.

Kuhusu ladha nitajizuia. Hapana, sitajizuia. Ile ya siku chache ni laini, ina utamu wa maziwa na chumvi ya kwa mbali, inalia kidogo kwenye meno. Ile iliyokaa wiki kadhaa imeshika ngozi, imekaza, na ukiitafuna unapata kitu cha nyasi zilizokatwa na moshi wa kuni, halafu ukali mdogo unaokuja nyuma ukiwa umeshaanza kumeza. Mzee alichoma kipande kwenye makaa, kikavimba, kikatoka vipele vya kahawia, akakiweka juu ya kiazi cha Masisi kilichopasuka kwa kuiva. Nililamba vidole mbele za watu. Na vile vijibini vya pembetatu kutoka Ulaya, vya karatasi ya fedha, vinavyokaa kwenye friji za madukani mjini kama vito? Tafadhali. Hii yetu haihitaji hata friji kufika Kinshasa.

Sasa kelele yangu. Sokoni Virunga hapa Goma, Bukavu, Kinshasa, kote inauzwa kwa jina la fromaji ya Goma. Goma ipi? Goma ninayoishi mimi ni jiwe. Lava ya Januari 2002 bado tunaifagia. Ukimfungia ng'ombe mmoja hapa Goma, atakula mifuko ya plastiki. Fromaji imepewa jina la mji kwa sababu ndipo ilipokuwa ikipakiwa kwenye ndege, basi.

Shemeji yangu anaishi Trier, Ujerumani, kwenye mto Mosel, na alinieleza jinsi watu wa huko wanavyofanya na divai yao. Kuna kakijiji kanaitwa Bremm, kwenye kona ya mto, na juu yake mteremko unaoitwa Calmont, mkali mpaka nyuzi 65, zabibu zimeng'ang'ania mawe na kazi nyingi ni ya mikono na magoti. Chupa ikitoka pale inaandikwa Bremmer Calmont: kijiji kwanza, halafu mteremko. Haiandikwi jina la mji mkubwa ilipopakiwa kwenye lori. Mnunuzi aliye mbali anajua ni mawe gani anakunywa. Nilipokuwa nimeshika shina la nyasi pale Mushaki nisiporomoke, nikawaza, na mimi je, nisijue nakula kilima gani?

Maana vilima havifanani. Mzee alinionjesha vipande viwili vya umri mmoja, maziwa ya mabonde mawili tofauti, na hata ulimi wangu wa mjini ulikamata tofauti. Na historia ipo ya kuandika kwenye karatasi. Ufundi huu uliletwa na wamisionari kutoka Ubelgiji. Huko Mokoto, karibu na maziwa yale manne upande wa Kitchanga, watawa wa Kitrapisti walifika 1954 kutoka abasia ya Scourmont, ileile inayojulikana duniani kwa bia na jibini za Chimay. Chimay ina jina kwenye chupa na kwenye jibini. Mokoto, Mei 1996, ilivamiwa, wakimbizi waliojificha kwenye monasteri wakauawa, watawa wakaondoka. Vita vya miaka ile vilikomba ng'ombe wa Masisi karibu wote. Kila fromaji kwenye rafu ya yule mzee imetoka kwa mifugo iliyoanza upya.

Na furaha isinifanye mwongo. Nilimuuliza kijana mmoja mchungaji, mwenye koti la mvua na fimbo, ng'ombe hawa ni wa nani. "Ni ya mukubwa moja. Anaikalaka Goma." Nikaangalia tena kile kijani. Mwaka 1937 Wabelgiji walianza kuleta watu kutoka Rwanda kulima mashamba yao humu. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitaifisha mali za wageni, mashamba makubwa yakaangukia mikononi mwa waliokuwa karibu na serikali. Seng'enge nilizoziona kuwa mapambo, kwa mkulima anayelima maharage pembezoni mwa barabara ni ukuta. Kwa upande wa mfuko, basi, fromaji ni ya Goma kweli. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyopenda, halafu mzee akaniletea kipande kingine.

Kwenye kilele kabla ya kugeuza, motari alinionyesha magharibi, ambako vilima vinazama na msitu unaanza. Walikale. Huko hakuna ng'ombe wala seng'enge, kuna mto Lowa, na mji wake mdogo ukingoni, na Wanyanga ambao mzee wao Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck habari za shujaa Mwindo mwaka 1956. Kitabu kilichapishwa California 1969. Yaani Tubondo, kijiji cha baba yake Mwindo, kina jina kwenye maktaba za Marekani, na fromaji ya jirani haina hata kikaratasi! Tone la mvua likianguka upande ule linaingia Lowa. Likianguka upande huu linakwenda ziwa Kivu, Ruzizi, Tanganyika, Lukuga. Matone yote mawili yanakutana Lualaba, ila moja limezunguka sana.

Nimefika mwisho wa karatasi na mke wangu amesimama mlangoni na kisu. Nilimwomba dakika moja. Kwa ncha ya kisu hichohicho nimechora juu ya ngozi ya fromaji, herufi kubwa, MUSHAKI. Akauliza, "Mushaki ni nani?" Nikaanza kueleza, mlima, nyasi, Mosel, jiwe juu ya kalibu. Nilipogeuka watoto walikuwa wameshafika kwenye herufi ya tatu.