Kisome kabla hujaenda fildi: kitabu cha Henrietta Lacks

Wiki hii nimemaliza The Immortal Life of Henrietta Lacks cha Rebecca Skloot. Kilitoka 2010, najua nimechelewa. Ukishaingia maabara ya baiolojia, jina HeLa si geni kwako: seli zinazogawanyika bila kukoma. Zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi, akiwa na miaka 31. Madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwomba ridhaa. Seli hizo zilisaidia kupima chanjo ya polio, na leo ziko kwenye maabara dunia nzima.

Hiyo wengi tunaijua. Kilichonikaba mimi ni habari za 1973. Watafiti walirudi kwa familia kuomba damu, ili wapate alama za urithi za kuzitambua seli za HeLa zilizochafua seli nyingine maabara. Deborah, binti wa Henrietta, alielewa kwamba anapimwa saratani iliyomuua mama yake. Akawa anasubiri majibu.

Hapo nilifunga kitabu kwanza. Nilipokuwa nakusanya sampuli za damu za utafiti wangu wa uzamili, mama mmoja alitia saini fomu ya ridhaa, akatolewa damu, akashukuru. Alipofika mlangoni akageuka: "Majibu nije kuchukua lini, mwanangu?" Fomu ilisema wazi, tena kwa Kiswahili, kwamba mshiriki hatapewa majibu. Nilimsomea mimi mwenyewe. Nilisoma haraka, foleni ilikuwa ndefu.

Uzuri wa Skloot ni kwamba hamcheki Deborah. Deborah anapojiuliza kama mama yake anaumia pale seli zinapoambukizwa virusi, unaona kabisa si ujinga. Ni swali la mtu ambaye hakuna aliyekaa naye chini kumweleza seli ni kitu gani.

Kasoro zipo. Kitabu kinarukaruka miaka, usipoangalia tarehe mwanzoni mwa sura unapotea. Halafu mjadala mpana kuhusu nani ana haki juu ya tishu zilizotoka mwilini mwako umesukumwa hadi maneno ya mwisho, sehemu ambayo, tuseme ukweli, wengi huwa hatufiki. Nyie fikeni. Kwa mtafiti, kurasa zile ni muhimu kama sura yoyote.

Kwa hiyo, kama mwaka huu una sampuli za kukusanya, kisome kabla hujaenda fildi. Na ukimaliza kumsomea mshiriki fomu, mwombe akueleze kwa maneno yake amekubali nini. Inachukua dakika mbili tu.

Yule mama nilimwambia hakuna majibu. Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya, basi," akaondoka.