Samaki wa Leo Kavuliwa na Nani?

Msomaji mpenzi, katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthiliya. Leo namwomba mhariri ruhusa nihakiki menyu. Usicheke. Menyu nayo ni maandishi. Ina mwandishi wake na hadhira yake, yuko anayesifiwa ndani yake na yuko anayefichwa, na hii niliyoisoma mimi ina hata dibaji, kitu ambacho riwaya zetu nyingi hazina.

Mkahawa wenyewe uko ufukweni, upande wa njia ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Jina lake sitalitaja, kwani nina maneno ya kuusema na sina fedha za wakili. Ni mahali pazuri, tusidanganyane. Paa la makuti, upepo wa bahari, sakafu ya mchanga. Wanasema wananunua samaki wa hapahapa tu, waliovuliwa bila kuiharibu bahari, na chakula huletwa katika visahani vidogovidogo vikawekwa katikati ya meza ili walaji washirikiane. Mhudumu aliniuliza kama nimewahi kula kwa mtindo huo. Mie niliyelelewa kwenye sinia! Nyumbani kwetu Ngamiani, mpaka namaliza kidato cha nne, sikujua sahani ipi ni yangu.

Nilikwenda na mjomba wangu, mvuvi wa Kigombe. Mjomba anatega madema. Samaki wanaingia wazima, wadogo anawarudisha majini, na kwa miaka mitatu sasa mchuuzi mmoja anakuja pwani na pikipiki kuwachukua na kuwapeleka kwenye mkahawa huo. Hakuwahi kuwaona wakiwa mezani. Basi nilipolipwa fedha za tuisheni ya watoto wa darasa la saba nikamwambia, "Mjomba, twende tukawale samaki wako." Akavaa kanzu.

Ukurasa wa kwanza wa menyu una picha ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu walianza kumnasa kwenye majarife miaka ya 2003 na 2004, hata serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Chini ya picha ndiyo dibaji. Kwa kifupi, inasema kwamba wavuvi wa pwani hii wameilinda bahari tangu enzi za mababu, kwamba siku zote wamechukua kwa kiasi, na kwamba kila anayekula hapo anaungana nao katika ulinzi huo. Imeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimetiwa huku na huku kama ndimu pembeni mwa sahani: neno sinia, neno karibu, neno bahari. Nikamfasiria Mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaurudisha mkono wake wa kulia ndani ya kanzu.

Mkono ule una vidole viwili. Vitatu vilikwenda na baruti mwaka 1987, Mjomba akiwa na miaka ishirini na moja.

Kwa msomaji wa bara nieleze kidogo. Uvuvi wa baruti katika nchi hii ulianza miaka ya 1960. Sheria ya 1970 iliukataza na sheria ya 2003 ikaukataza tena, lakini bomu halisomi sheria. Linatupwa palipo na kundi la samaki. Vibofu vinapasuka, migongo inavunjika, wachache wanaelea na wengi wanazama, na mwamba ambao matumbawe yake yamekua miaka na miaka unageuka kokoto mara moja. Sisi watoto wa Tanga tulifundishwa kumsoma samaki kabla hatujafundishwa kusoma kitabu. Mama akimpasua akakuta damu imevilia kando ya uti wa mgongo na nyama imelegea, hamkaangi; anamrudisha kwa muuzaji na maneno juu yake. Wengine walikuwa hawarudishi. Samaki wa bomu alikuwa bei nafuu, na mtoto mwenye njaa haulizi mgongo.

Kisha ikaja habari nyingine, ambayo nayo dibaji haina. Mwaka 1994 ulianza mradi wa kuhifadhi mwambao wa Tanga. Vijiji vikakaa vikao, vikagawana maeneo ya kusimamia, Kigombe ikaangukia eneo la Mtang'ata. Baadhi ya miamba ikafungwa isivuliwe. Wanavijiji wakafanya doria, na Mjomba alikuwa mmoja wao, akiwafukuza vijana waliokuwa wakifanya yaleyale aliyoyafanya yeye. Fikiria, msomaji, mtu anayesimama kwenye mashua usiku kumzuia mwenzake na kumwonesha mkono. Miaka ya 2000 mabomu yakarudi kwa kishindo. Ni kuanzia 2016 hivi, baada ya vyombo vya serikali kuunganisha nguvu, ndipo yalipopungua kwelikweli.

Sasa niambie, kati ya kisa hiki na kile cha dibaji, kipi kinamfanya mlaji amheshimu changu aliye mbele yake? Mwandishi wa menyu kachukua mwisho wa hadithi akaufanya mwanzo. Kawafanya wavuvi malaika, na malaika hawana haja ya doria, wala ya bei nzuri, wala ya mtu wa kuwauliza jana walivua kwa nini. Sidhani kama alikusudia uongo. Nadhani aliogopa kumharibia mgeni hamu ya kula.

Nasi chipukizi tusijione tumesalimika. Nimezipitia hadithi zetu za matoleo yaliyopita. Bahari ndani yake ni mbalamwezi, wapenzi wawili na wimbi linalobembeleza ufuko. Mimi mwenyewe nina mswada wa riwaya, kurasa 140, na shujaa wangu ni mvuvi. Katika kurasa zote hizo hakuna mahali nilipotaja anavua kwa nini. Anakwenda baharini, anarudi, anapenda, anakufa. Kumbe nami nimeandika menyu.

Tuje kwenye chakula, maana mhakiki asiyeonja ni msengenyaji tu. Changu wa kupaka alikuwa hana mfano: tui zito, ukwaju, pilipili mbichi, moto wa vifuu uliomkausha ngozi bila kumkausha nyama. Mjomba alimgeuza, akamtazama ubavuni, hakuona alama ya nyuzi za wavu. "Huyu wa dema," akasema. Nikamuuliza kama ni wake. "Wa dema," akarudia. "Jina hakuandikwa." Kamba walikuwa kamba, sina la kuongeza. Muhogo wa nazi mama yangu angeucheka.

Nilitafuta bada kwa mchuzi wa papa, kwani mtu anawezaje kusema anapika chakula cha Tanga bila bada kwa papa? Mhudumu, kijana mpole, akaniambia papa hawampiki kwa sababu wamepungua. Nilitaka kubisha, nikakosa la kubishia. Papa huchelewa kukomaa na huzaa wachache, si kama dagaa. Hapo nawapa haki yao, na mama atanisamehe.

Lakini pweza, la. Pweza aliletwa mzima, mikono yote minane imejikunja ndani ya kisahani kisichozidi cha kikombe cha chai. Kanuni za uvuvi za 2009 zinakataza pweza asiyefika nusu kilo. Sikuwa na mizani, ila nilikuwa na Mjomba, na Mjomba alisema huyu hata robo tatu ya nusu hiyo hakufika. Nikamuuliza mhudumu. Akanijibu kwamba wadogo ndio walaini, wageni wanawapenda.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu pweza ndiye anayepima ukweli wa mkahawa wowote wa pwani hii. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na kitu, na jike akishalinda mayai yake hufa. Lakini hukua kwa kasi ya ajabu: mwache miezi miwili mitatu, aliyekuwa kitoweo cha mtu mmoja anakuwa cha nyumba nzima. Ndiyo maana Songosongo, Mafia na Pemba kuna vijiji vilivyojaribu kuifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa kisha kuifungua. Wanaowatafuta kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wengi wao ni akina mama, na kijiti chenye ncha mkononi. Simlaumu mama huyo. Ana siku chache za bamvua na ana watoto, na mchuuzi yupo pale pwani anamsubiri. Mlango wa kumzuia pweza mdogo ni mlango wa jikoni. Mpishi akikataa, mchuuzi atakataa, na habari itafika mwambani kabla ya bamvua nyingine. Mkahawa unaojisifu kwa kuilinda bahari hauwezi kuniambia kwamba wageni wanapenda walaini.

Na hili neno "samaki wa leo". Tulikwenda mwezi wa nane, kusi bado inavuma, siku mbili Mjomba hakutoka. Akamuuliza mhudumu kwa upole, "Mwanangu, kusi ikichafuka tusipotoka, mnawapa nini wageni?" Kijana akacheka, akajibu kweli: "Wa kwenye friza, mzee." Friza si dhambi. Samaki aliyegandishwa vizuri ni bora kuliko aliyelala juani. Lakini basi aandikwe ni wa juzi.

Kuhusu ushirika, nilikuwa nimekuja na dhihaka zangu tayari. Nilitaka kusema kwamba kwetu kushirikiana hakuanzii mezani, kunaanzia pwani, pale anayesaidia kuvuta chombo nchi kavu anapoondoka na kitoweo mkononi bila kuulizwa jina la baba yake. Nilitaka kuuliza ushirika gani unaogharimu shilingi 70,000 kwa watu wawili. Hayo bado nayasema. Mjomba aliposomewa hesabu aliuliza mara mbili, akidhani nimekosea sifuri.

Ila kuna jambo nililoliona ambalo lazima niliandike, hata kama linanivurugia uhakiki. Tangu 1987 Mjomba hali kwenye sinia. Harusini, hitimani, sikukuu ya Idi, hutengewa sahani na kijiko akakaa upande. Hakuna anayemfukuza. Ni yeye mwenyewe: wa kulia haushiki tonge, na wa kushoto hawezi kuupeleka katika chakula cha watu. Mimi nimekua namwona hivyo, nikadhani ndiyo tabia yake, mtu apendaye kula peke yake. Pale mkahawani kila mtu alipewa uma. Akautoa ule mkono ndani ya kanzu, akaubana uma kwa vidole vyake viwili, akamchokoa changu upande wake na mimi wangu, mpaka tukakutana kwenye mgongo. Tulikula hivyo karibu saa nzima. Alinisogezea shavu la samaki, kama wanavyofanyiwa watoto.

Kwa hiyo siwezi kusema visahani vile ni upuuzi mtupu.

Wakati wa kuondoka Mjomba alimwita mhudumu, akamwambia pale penye changu aandike "dema", na penye pweza waandike uzito. Kijana akasema atamfikishia meneja. Nusura Mjomba atosheke na jibu hilo, mie nikachomoa kalamu mfukoni, nikaiweka juu ya meza. Kijana akatazama nyuma yake, akaandika "dema" pembeni ya nakala moja ya menyu, herufi ndogondogo, akairudisha kwenye rundo.

Njiani, ndani ya basi la Pangani, nilimwambia nataka kuyaandika haya. Akanyamaza mpaka tumekaribia Kigombe. "Habari za mkono ziandike," akasema. "Jina langu usilitie."

Mswada wangu nimeufungua tena ukurasa wa kwanza. Mvuvi wangu sasa ana dema. Vidole bado sijaamua.