Nguvu Imepanda, Muda Umebaki Palepale

Chukua mwendesha baiskeli wa Tabora anayefuata ratiba kwa wiki 12. Jumanne anafanya vipindi vifupi vya kasi, Alhamisi mwendo wa wastani, Jumapili safari ya saa tatu. Mwishoni kipimo kinaonyesha nguvu yake imepanda kutoka wati 200 hadi 212. Anaingia kwenye mashindano ya kilomita 160 na kumaliza kwa saa nane, kama mwaka uliopita. Wengi hapo hulaumu ratiba, au hujilaumu wenyewe. Tufanye hesabu kwanza.

Kwenye barabara tambarare kama za Unyamwezi, eneo linalozunguka Tabora, mpinzani mkubwa ni hewa. Nguvu ya kuipasua hewa hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe: ukitaka kwenda kasi mara mbili, hewa peke yake inakudai nguvu mara nane. Kwa hiyo ongezeko la asilimia 6 katika nguvu huleta asilimia 2 au 3 tu ya mwendo. Katika safari ya saa nane hiyo ni kama dakika 10 hadi 14. Sasa mwendeshaji huyu asimame mara tatu kununua maji, dakika tano kila kituo. Faida ya wiki 12 imeishia dukani.

Njia ya misafara iliyopita Tabora inaonyesha jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, jirani na Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Burton alikadiria wametembea maili 600, yaani kilomita 965 hivi. Gawanya: ni kilomita 7 kwa siku. Mpagazi aliyebeba frasila mbili, zaidi ya kilo 30, aliweza kutembea mara mbili ya hapo kabla jua halijawa kali. Siku zililiwa na homa, wapagazi waliotoroka, kutafuta posho na majadiliano ya hongo, yaani ushuru wa kupita. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, akaufikisha msafara wake Kwihara, jirani na Tabora, mwezi Juni. Hakupita njia ileile hatua kwa hatua, lakini aliugawa msafara katika makundi matano, na kundi dogo husonga haraka zaidi kuliko umati. Miguu ilikuwa bado ya wapagazi wa pwani na bara. Kilichobadilika ni mpango wa safari.

Turudi kwenye baiskeli. Kipimo cha kawaida cha nguvu huchukua dakika 20, na hufanywa mtu akiwa amepumzika na ameshiba. Mashindano marefu huamuliwa saa ya sita, wakati nguvu ya asubuhi haipo tena. Waendeshaji wawili wenye wati sawa asubuhi wanaweza kutofautiana sana mchana, na vipindi vya kasi vya saa moja havionyeshi tofauti hiyo wala havitoshi kuiondoa.

Chakula ni sehemu kubwa ya maelezo. Mwili huhifadhi wanga wa gramu 400 hadi 500, kama kalori 2,000. Kukanyaga pedali kwa wastani wa wati 150 hutumia kalori 500 na ushee kila saa, zaidi ya 4,000 kwa saa nane. Mafuta ya mwili hufidia sehemu, lakini akiba ya wanga ikiisha, mwendo huanguka hata kama ratiba ilikuwa nzuri kiasi gani. Kiwango kinachopendekezwa ni gramu 60 za wanga kwa saa. Mtu akichanganya glukosi na fruktosi anaweza kufika 90, kwa sababu utumbo huzifyonza sukari hizo kwa njia mbili tofauti. Asali, ambayo Tabora inaijua kuliko mikoa mingi, ina sukari zote mbili. Vijiko vitatu vikubwa hutoa karibu gramu 50. Lakini tumbo nalo lazima lifunzwe, na anayefanya mazoezi yote kwa saa moja na chupa ya maji hajalifunza.

Joto hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Oktoba, kabla ya mvua, anayefanya mazoezi alfajiri tu atakutana na saa saba mchana kama mgeni. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za kukaa kwenye joto ndipo ujifunze kutoa jasho mapema na kuongeza maji ya damu.

Vipindi vya kasi viendelee, vina kazi yake. Ila Jumapili ya saa tatu irefuke polepole hadi saa tano au sita, na nusu yake iwe mchana. Chakula kiliwe kwa saa iliyopangwa, si kwa njaa. Kuziba pancha na kujaza chupa kufanyiwe mazoezi kama kupanda mlima. Na kipimo cha dakika 20 kirudiwe mwishoni mwa safari ndefu, kisha kilinganishwe na kile cha asubuhi. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linalostahili kupewa wiki 12 zijazo.