"Nzi wa Nairobi" Si Nzi: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Elimu ya Wadudu

Miongoni mwa majina yanayoingia katika maandishi ya afya, kilimo na shule pasipo kupimwa, limo "nzi wa Nairobi". Asili yake ni jina la Kiingereza lililozoeleka Kenya, nalo limehamishwa neno kwa neno. Twaona kuwa kosa lililomo haliwahusu wataalamu peke yao, bali lamdhuru msomaji.

Mdudu anayetajwa ni wa jenasi Paederus, iliyopewa jina na Fabricius mwaka 1775. Ni mwembamba, mwenye urefu wa milimita 7 hadi 10 hivi, na rangi zake ni nyekundu na nyeusi kwa zamu. Nzi ana mabawa mawili tu. Huyu anayo manne. Jozi ya mbele imekuwa magamba magumu, na jozi ya nyuma hukunjwa chini yake. Hiyo ndiyo alama ya mbawakawa, neno ambalo Kiswahili kinalo tayari.

Aambiwaye kuwa ametuliwa na nzi humpiga kofi, na hapo ndipo madhara yaanzapo. Paederus haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo katika damu yake, nayo humwagika anapopondwa. Aghalabu baada ya siku moja au mbili ngozi huwaka na kufanya malengelenge. Kwa hiyo mfasiri aandikaye "kuumwa na nzi wa Nairobi" amekosea mara mbili, katika nomino na katika kitenzi. Agizo lifaalo ni kumpuliza mdudu aondoke, bila kumponda, kisha kuosha ngozi kwa maji na sabuni. Baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 wadudu hawa walizagaa mno Kenya. Wakati kama huo maneno ya tangazo yapaswa kuwa sahihi.

Huenda ikasemwa kuwa majina ya watu hayafuati sayansi, kwani hata bata mzinga si bata. Twakubali. Lakini hakuna aliyepata malengelenge kwa kumwita bata. Jina hustahili kurekebishwa pale linapomfundisha mtu kutenda lisilofaa.

Tatizo la pili ni jina la familia nzima, Staphylinidae, yenye spishi zaidi ya 60,000 zilizoelezwa. Wengi wao hula wadudu wengine, hivyo humfaa mkulima. Huishi katika majani yaliyooza, mavi, mizoga, uyoga, ufukoni mwa bahari, hata ndani ya viota vya siafu na vichuguu vya mchwa. Kuwaita "mbawakawa mabawa-mafupi" kwapotosha, maana kilicho kifupi ni magamba. Mabawa ya kurukia ni marefu, na wengi huruka vizuri. Hata "gamba-fupi" hakuwaenei wote. Mipaka ya familia nayo imepanuka: Pselaphidae waliingizwa mwaka 1995, na Scydmaenidae mwaka 2009, nao wa kundi hili la pili aghalabu wana magamba yanayofunika tumbo zima. Hata hivyo istilahi yatosha ikitaja alama ya walio wengi bila kusema uongo juu yake.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) Staphylinidae waitwe mbawakawa gamba-fupi;

(b) Paederus wa Afrika Mashariki aitwe mbawakawa wa Nairobi. Ni kweli kwamba hapatikani Nairobi peke yake, lakini kosa hilo halimdhuru mtu, na sehemu hiyo ya jina humsaidia msomaji kumtambua;

(c) kitenzi "kuuma" kiachwe, na badala yake itumike "kuunguzwa na sumu ya mbawakawa".

Walimu na wafasiri wayajaribu majina haya katika kazi zao. Wenye jina la kienyeji la mdudu huyu, kutoka pwani au bara, watuletee, kwani jina zuri lililokwisha kuwamo vinywani mwa watu lina haki kuliko letu.