Gigabaiti moja ya Stockfish

Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza kuwa AlphaZero, programu iliyojifundisha sataranji kwa kucheza dhidi yake yenyewe, imeibwaga Stockfish, programu nyingine ya sataranji: michezo 100, ushindi 28, sare 72, bila kupoteza hata mmoja. Ubishi haukukawia, na sehemu kubwa ya ubishi huo ilihusu mashine.

AlphaZero ilitumia chipu nne za TPU, ambazo Google ilizibuni kwa ajili ya mitandao ya neva. Stockfish ilipewa nyuzi 64 za prosesa ya kawaida. Utazilinganishaje? Stockfish ilikagua mikao ya kete milioni 70 kwa sekunde, AlphaZero 80,000 tu. Ukihesabu mikao, Stockfish ndiyo iliyopendelewa. Ukipima nguvu ghafi ya chipu, mzani unageuka. Hapo siwalaumu watafiti, maana kipimo kinachozifaa zote mbili hakipo.

Ninachowalaumu ni kumbukumbu. Stockfish huhifadhi kwenye jedwali majibu ya mikao iliyokwisha kuichambua, ili mkao ukijitokeza tena kwa njia nyingine isianze upya. Jedwali hilo lilipewa gigabaiti 1. Kila jibu huchukua baiti 10 hivi, kwa hiyo lilitosha majibu kama milioni 100. Kwa kasi ile lingejaa ndani ya sekunde chache, ilhali kila hatua ilikuwa na dakika nzima. Muda uliobaki programu ilifuta kazi yake yenyewe ili ipate nafasi. Na dakika hiyo isiyobadilika iliiumiza pia, kwani Stockfish imeundwa kujua pa kuharakisha na pa kutulia. Tord Romstad, mmoja wa waasisi wake, aliyalalamikia yote mawili hadharani.

Alisikilizwa, ama angalau kasoro hizo zilirekebishwa. Katika makala ya jarida la Science, Desemba 2018, Stockfish ilipata viini 44 vya prosesa, gigabaiti 32, na saa 3 pamoja na nyongeza ya sekunde 15 kila hatua. Kati ya michezo 1,000, AlphaZero ilishinda 155 na kupoteza 6. Ushindi huu nauamini kabisa.

Swali la chipu lilibaki palepale. Wapenzi wa Leela, programu huria iliyofuata nyayo za AlphaZero, waliufanya uwiano wa kasi wa 2017, yaani 875 kwa 1, kuwa kipimo cha mashine zinazolingana. Lakini kipimo hicho huonyesha tu mechi inavyofanana na ile ya DeepMind. Waandaaji wa mechi za namna hii wangetangaza mapema bei ya kila mashine na umeme inaotumia, kisha mtazamaji apime mwenyewe.